Mwalimu Aliyekata Maneno Vipande

Mwalimu hakuweza kuona neno likipita mbele yake likiwa zima. Lazima alikate. Umebeba beseni lako la samaki kichwani, jua linakuchoma utosi, yeye anasimama katikati ya njia na kukuzuia kwa kidole. "Mama Neema, 'beseni' iko na silabi ngapi?" Unamjibu tatu ili akuache uende. Hakuachi. Anataka kujua mzigo umekaa juu ya silabi ipi. Unasema ya katikati. Hapo ndipo anapokupisha, tena anakushukuru kana kwamba umemletea zawadi, na samaki wako wameshaanza kunuka.

"Mzigo" ndivyo alivyoiita ile nguvu ya sauti inayoangukia sehemu moja ya neno. Alisema kila neno lina mbebaji mmoja, na ukimkosea mbebaji, neno linaanguka. Sisi wa Kiswahili, alisema, ni watu wa raha, mbebaji wetu hakai popote ila silabi ya pili kutoka mwisho, leo na kesho. Lakini kwa Wahispania mzigo unatembea. Na Kihispania, Kispanyolo kama tulivyokiita sisi, ndicho alichokifundisha, hapa Nchelenge, upande wa Zambia, nyuma ya soko la Kashikishi, kwa watu ambao hata Espanya hawakujua iko upande gani wa dunia.

Usicheke. Na mimi nilicheka, tena sana.

Tulikuwa Wakongomani wengi pale, tuliovuka ziwa wakati wa vita na tuliovuka kwa biashara tukabaki. Mimi nilinunua chisense, dagaa wa ziwa letu, nikawakausha mchangani na kuwapeleka upande wa pili. Mwalimu alivuka na mke wake na mtoto wao mmoja wa kiume, na tangu siku aliyoshuka kwenye ule mtumbwi hakupanda mwingine tena. Aliogopa maji jinsi wengine wanavyoogopa nyoka. Alijenga mbali na ziwa kadiri kiwanja kilivyoruhusu, mlango ukatazama barabara. Kwenda kisiwani Kilwa, Kilwa ya humu ziwani, kununua samaki ilikuwa kazi ya mke wake, na mawimbi yakiwa makubwa yeye alikaa sokoni na kumuuliza kila mvuvi kama amemwona. Mke akirudi, Mwalimu anamgombeza kwa kuchelewa. Hata siku moja hakumwambia kwamba aliogopa.

Kispanyolo alikipata ujanani, seminari, kwa padri mmoja mzee. Upadri aliuacha akaoa, lugha akabaki nayo. Huko nyumbani alifundisha Kifaransa sekondari. Hapa Zambia Kifaransa hakikuwa na kazi, na Waingereza wa shule za hapa hawakumhitaji; nasema Waingereza, maana ndivyo alivyowaita walimu wenzake Wabemba waliofundisha kwa Kiingereza, nao walimwita Ba Kafundisha, yaani mwalimu kwa Kibemba, kwa heshima zote. Akalima mihogo kidogo. Mke akalisha nyumba.

Kisha mtoto akaondoka. Alifuata malori hadi Lubumbashi, toka hapo juu zaidi, na zaidi, mpaka tukakosa majina ya nchi. Siku moja ikaja simu: "Baba, niko Espanya. Nitakupigia." Simu ikakatika. Hakupiga tena, mwaka ukaisha, na mwingine.

Basi Mwalimu akaanza kufundisha Kispanyolo. Nilimuuliza kwa nini, akaniangalia kama mwanafunzi aliyelala darasani.

"Mutoto ataoa kule. Atazaa. Siku moja bale batoto batakuya hapa kusalimia tate yao. Batasema nini na nyinyi? Batakaa kama bubu?"

"Na kama hatakuya?"

"Todavía," akajibu. Maana yake bado. Akaikata palepale, to-da-ví-a, vipande vinne, mzigo juu ya cha tatu, na akanionyesha kwamba í na a hazikai nyumba moja, ndiyo maana í imewekewa kile kialama kichwani. Irabu mbili za namna hiyo, alisema, ni kama wake wenza waliogombana: ukuta ni lazima. Lakini katika fa-mi-lia zinapatana, zinalala chumba kimoja, silabi moja. Kwa hiyo nilipata somo, na jibu langu sikupata.

Darasa lenyewe lilikuwa kinu. Mke wake alikuwa na kinu kikubwa cha kutwangwa na watu watatu, na sisi wanawake wa jirani tulikwenda pale na mihogo yetu mikavu. Unajua kutwanga kwa watatu: kila mmoja anateremsha mchi kwa zamu, ukichelewa mnagongana. Mwalimu alivuta kigoda, akatugawia silabi. Ca-mi-sa, shati: wa kwanza ca, wa pili mi kwa nguvu zote, wa tatu sa. Ven-ta-na, dirisha. Tukatwanga, unga ukatoka, na maneno yakaingia mwilini kabla hayajaingia kichwani. Mpaka leo nikitamka ventana bega langu la kulia linashuka.

Taabu ilikuja na te-lé-fo-no. Silabi nne na wanawake watatu. Zamu zikachanganyika, michi miwili ikagongana, na wa Mama Mwalimu ukavunjika.

"Bon," akasema mkewe, mikono kiunoni, "Kispanyolo yako itanichongea muchi mupya?"

"Ile neno ni esdrújula," Mwalimu akajitetea. "Mzigo iko silabi ya tatu toka mwisho. Ni neno la heshima."

"Heshima itatwanga?"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Yeye hakucheka, alichonga mchi siku hiyohiyo, tena vibaya, ukawa unapinda. Mke wake aliutumia hivyo hivyo na hakukubali mtu auguse.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na matundu. Alitukataza kusema Kifaransa uani kwake, yeye mwenyewe akijikwaa alitukana kwa Kifaransa. Alitufokea kwa kutia irabu mahali pasipo na irabu, maana sisi tukiona pescado tunasema pesikado, ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zikae pamoja. Lakini r ilimshinda kabisa. Alisema lío akimaanisha río, mto. Nilisikia kwenye video za simu jinsi Wahispania wenyewe wanavyoisema, nikamwambia.

"Hao ni ba kijiji," akasema. Akanuna siku nzima.

Kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko vyote, naye alikirudia hata kwa watu waliokwisha kukisikia. Samaki akiwa hai majini, Mhispania anamwita pez. Silabi moja, basi. Akishavuliwa anakuwa pes-ca-do, silabi tatu. Anayemvua ni pes-ca-dor, na hapo mzigo unakimbilia mwisho, kwa sababu neno limeishia na r. Anapouzwa ni pes-ca-de-rí-a. "Ona," alisema, "sisi neno tunalivalisha kofia: vua, muvuvi, uvuvi. Wao wanalivalisha mukia." Kisha alimtazama samaki katika beseni langu kwa huruma ya ajabu. "Alikuwa na silabi moja huyu. Alikuwa muzima."

Na sheria ya alama nilijifunza kwake kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Neno likiishia na irabu, au n, au s, mzigo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Likiishia na konsonanti nyingine, mzigo uko mwisho. Neno linalokwenda kinyume ndilo linaloandikiwa alama. Camión, lori, limeishia na n lakini mzigo uko mwisho, basi linabeba alama yake. "Mwenyeji hatembei na karatasi," alisema Mwalimu. "Mukimbizi njo anatembea na karatasi. Asipoionyesha, hakuna anayejua namna ya kumuita." Nadhani tulimfikiria mtoto wake, kama karatasi anazo.

Mama Mwalimu alitaka kilio kifanywe. Alisema mtoto asiyepiga simu miaka yote hiyo amekufa, na kwamba maiti asiyeliliwa anawasumbua walio hai. Mwalimu alikataa. Waligombana juu ya hilo jinsi watu wengine wanavyogombana juu ya chumvi, kila siku kidogo. Alipougua yeye, alimwomba mumewe mara ya mwisho. Mwalimu akasema todavía. Akafa mama wa watu na jambo lake kifuani. Nilimwosha mimi na wenzangu, na nikamchukia Mwalimu wiki kadhaa.

Baada ya hapo alizidi. Hakuwa na simu inayoshika mtandao, akaja kuazima yangu. Alinipa kazi ya kutafuta makundi ya Wakongomani walioko Espanya, ya kanisa, ya mpira, ya chochote, nikawa natuma sauti yake huko. Alisema jina la mtoto polepole, vipande vipande, kisha lote kwa pamoja, kisha alama ya kovu kwenye nyusi, kisha akashukuru. Kwa Kispanyolo kizuri, ile r ukiisamehe. Wengine walijibu hawamjui. Wengi hawakujibu.

Sasa nifike kwenye lililotupata.

Ilikuwa mchana, nageuza chisense mchangani, simu ikalia. Mwanamke, Kispanyolo cha mbio. Nikamwomba aende polepole, akaenda polepole. Alisema anaishi na mtoto wa Mwalimu. Amesikia ile sauti. Akasema: "Está muy enfermo. Quiere oír a su padre." Ni mgonjwa sana. Anataka kumsikia baba yake. Nilikimbia na mikono yangu ya samaki hadi nyumbani kwa Mwalimu, simu ingali hewani, nikambandika sikioni. Mwanamke akarudia yote. Mwalimu alisikiliza, akasema "Gracias, señora" kwa sauti iliyotulia, akanirudishia simu. Kisha akakaa chini na kuvua viatu.

Kwetu, kuvua viatu namna ile maana yake ni moja.

"Mwalimu, anasema ni mugonjwa! Anataka kusikia sauti yako!"

"Mama Neema." Aliita kwa upole, kama ni mimi niliyefiwa. "Wewe ulishasikia habari ya lufu inatumwa namna gani?"

Nilijua. Kwetu kifo hakitumwi kwa simu. Unamwambia mtu wa mbali: fulani ni mgonjwa sana, njoo. Anafunga mzigo, anapanda gari, na njiani kote anajua, ila moyo unapewa nafasi ya kufika taratibu. Mimi niliambiwa mama ni mgonjwa, nikakuta kaburi. Mwalimu mwenyewe, mke wake alipokwisha kufa na kuoshwa, aliwatumia shemeji zake ujumbe kwamba dada yenu ni mgonjwa. Hakuna anayedanganyika, na hakuna anayesema uongo. Ni adabu.

Rais wa jumuiya yetu, mzee wa makamo anayepatanisha ndoa na kuzika watu, alipofika akauliza mwanamke kasema nini. Nikamwambia. Akashika kichwa. "Mugonjwa sana, anataka kusikia baba yake... Ee Mungu. Anasema vizuri huyo muke. Anatujua." Na hapo ikaisha. Mtu aliyejua kila silabi ya ile lugha, aliyeweza kukwambia en-fer-mo mzigo wake uko wapi na kwa nini, aliisikia kwa masikio ya Kongo. Nikakubali, kama wote.

Kilio kikakaa. Wanawake wakaja na kuni na unga, wanaume wakalala nje uani. Na Mwalimu akalia. Mungu wangu, jinsi alivyolia. Mtu ambaye kwa mke wake aliinamisha kichwa tu, safari hii alifungua kinywa na hakukifunga. Alimlilia mtoto, alimlilia mke aliyemnyima kilio hiki, aliwaita wote wawili kwa majina yao yote mpaka majirani Wabemba wakaja kumshika mabega: "Ba Kafundisha, yangu, mutekanye." Tulia, baba. Hakutulia. Sauti ilipasuka, ikawa mkwaruzo, na kilio kilipoinuka, matanga yakaisha, ilikuwa imekwisha kabisa. Alifungua kinywa ikatoka pumzi.

Watu walipokwisha kutawanyika, simu yangu ikalia tena. Yule mwanamke. Hakuwa mpole safari hii. Kwa nini baba hakupiga? Anangojwa. Anaulizwa kila siku. Niliuliza, nikauliza tena, nikamkata maneno yake vipande kama nilivyofundishwa. Yu hai? Yu hai. Sasa hivi? Sasa hivi, yuko hapa, kitandani.

Mwalimu aliposikia, alisimama, akakaa, akasimama. Alikuwa amenyolewa kichwa. Alichukua simu kwa mikono miwili.

"Baba?" ikasema simu. Kiswahili. Sauti nyembamba ya mtu aliyechoka.

Mwalimu akafungua kinywa. Pumzi.

"Baba, ni miye."

Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna. Akanitazama, na katika maisha yangu sijapata kutazamwa vile. Nikaisogelea simu.

"Baba iko hapa. Iko na simu kwenye sikio. Anakusikia."

"Mbona hasemi? Anakasirika?"

Utamwambia nini mtu anayekufa? Kwamba baba yako sauti yake imekwisha kwa kukuzika? "Iko na mafua," nikasema. "Mafua mubaya. Sauti ilikauka."

Kisha akacheka kidogo, akakohoa. "Sawa. Basi miye nitasema, yeye asikilize. Haikuwa hivyo hata siku moja."

Akasema. Kwamba karatasi hakupata, na kazi hakupata ya kudumu. Kwamba alikuwa anangoja apate kitu kizuri cha kusimulia ndipo apige, na kila mwaka kitu hakikuja. Akamuulizia mama yake. Mwalimu akanikamata mkono. Nikasema mama amekwenda Kilwa kununua samaki. "Mawimbi haiko mukubwa?" akauliza. Hayako makubwa, nikasema. Akasema amechoka, atapiga kesho. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa simu isiyoona.

Kesho yake hakupiga. Alipiga yule mwanamke. Alisema murió, amekufa, hivyo hivyo, wazi, kama mtu anayekutajia siku ya juma. Ndipo nikajua wao wanavyotuma habari.

Nilikwenda kwa Mwalimu asubuhi. Sikumwambia mgonjwa. Nilimwambia vile nilivyoambiwa. Akaingia ndani akatoa mkeka, akautandika uani. Akatoa kigoda, na kingine, na benchi la kanisa alilokuwa ameazima wakati wa kilio na hajalirudisha. Akafagia. Mimi nikaenda kumwita Rais.

Rais alisikitika kweli, machozi yalimlenga. Lakini akasema: "Mama Neema, tulishalia. Unga tulishaleta. Mutu mumoja banamulia namna gani mara mbili? Nitapita jioni kumupa pole." Kila niliyemwendea alinijibu hivyohivyo. Hawakuwa wabaya. Hawakujua tu lifanywe nini, na mimi sikujua.

Nikarudi peke yangu. Viti vilikuwa vitupu na Mwalimu amekaa juu ya mkeka, miguu mitupu, mgongo umenyooka kama yuko darasani. Nikakaa kando yake. Jua likapanda. Baada ya muda mrefu akanisogelea sikioni akasema kwa pumzi, maana sauti haikuwa imerudi: "Lia wewe. Miye sina kitu cha kulilia."

Nikaanza. Mwanzo nililia kama mtu anayefanya kazi aliyoombwa, naona haya, nikiwatazama wapita njia. Wanawake wawili Wabemba wakasimama na mabeseni yao, mmoja akaniuliza nani kafa. Nikamwambia mtoto wa Ba Kafundisha. "Yule mliyemlilia juzi?" Yule. Wakatazamana, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Na hapo ndipo kilio chenyewe kikanijia, nikalia kwa mdomo wazi, nikamwita yule kijana kwa jina lake mpaka kifua kikaniuma.

Nilipoishiwa pumzi nikataka kunyamaza. Mwalimu akanishika mkono.

"Ongeza kidogo," akasema. "Mama yake angelia kwa nguvu kuliko hapo."